Punje za homoni chini ya ngozi: mume wangu amerudi mara mbili, mimi sirudi

Nilipomweleza mdogo wangu aliyeko Tanga kwamba nimewekewa punje za homoni chini ya ngozi, alicheka kwenye simu akasema, “Si vijiti hivyo, dada? Ukivichoka si unaenda kutolewa tu.” Kosa lake lilikuwa dogo, nami nililifanya kabla yake. Vijiti vya uzazi wa mpango hukaa mkononi vikiwa vizima, na mhudumu anaweza kuvitoa siku yoyote unayotaka. Punje za homoni ni unga wa homoni yenyewe ulioshindiliwa ukawa mgumu, nazo zimekusudiwa ziyeyuke kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, kwa hiyo zikishaingia ni vigumu kuzitoa au kupunguza dozi, na kwa kawaida husubiriwa mpaka ziishe zenyewe. Sifa kubwa inayotangazwa ya huduma hii ni kwamba unawekewa na kusahau. Kasoro yake kubwa imo ndani ya sifa hiyohiyo.

Tulikwenda pamoja, mimi na Baba Neema, katika kliniki moja ya binafsi hapa Houston, Texas. Mimi nilikuwa na miaka 52, hedhi ilikuwa imekoma mwaka mmoja na nusu nyuma, na vipindi vya joto la ghafla vilikuwa vikiniamsha mara tatu au nne kila usiku hata nikawa nalala na taulo kando ya mto. Yeye alikuwa na miaka 57, mchovu kuanzia asubuhi, na hamu ya tendo la ndoa ilikuwa imempungua kiasi cha kumfanya aanze kuepuka mazungumzo juu ya jambo hilo.

Mapokezi yalikuwa ya heshima, na hatukusubiri zaidi ya dakika kumi, jambo ambalo kwa kliniki za mji huu linastahili kutajwa. Kilichonitia shaka ni fomu ya dalili: uchovu, kusahau, kuongezeka uzito, usingizi mbaya, kukasirika upesi. Sijui ni mwanamke gani wa rika langu, mwenye kazi mbili na mama mzee nyumbani Afrika, ambaye asingeweka alama katika visanduku vyote hivyo. Hata hivyo niwape haki yao: waliuliza kama bado nina mfuko wa uzazi, na kwa kuwa ninao, waliniandikia vidonge vya projesteroni vya kumeza kila usiku, kwa sababu estrojeni, homoni ya kike iliyomo katika punje zangu, ikitumika peke yake hunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi na kuongeza hatari ya saratani. Kliniki isiyouliza swali hilo ni ya kukimbia.

Uwekaji wenyewe ni kazi nyepesi. Unalala ubavu, ngozi ya sehemu ya juu ya tako inasafishwa, unachomwa sindano ya ganzi ambayo ndiyo maumivu pekee yenye kustahili jina hilo, kisha unachanjwa tundu dogo lisilozidi nusu sentimita. Muuguzi alinionyesha punje zangu kabla hazijaingia: nyeupe, zimelala katika kichupa kidogo kama punje chache za mchele zilizosahaulika chini ya debe. Mrija wa chuma ulipitishwa kwenye mafuta ya chini ya ngozi, punje zikasukumwa ndani yake moja baada ya nyingine, na nilichohisi ni msukumo tu, kama mtu anayekubonyeza kwa kidole gumba. Hakukuwa na nyuzi. Palibandikwa plasta nyembamba na bandeji juu yake. Tuliagizwa tusiogelee, tusichuchumae na tusibebe mizigo mizito kwa siku kadhaa, mwanamume muda mrefu zaidi kwa kuwa punje zake ni nyingi na kubwa.

Baba Neema aliwekewa punje sita za testosteroni, yaani homoni ya kiume, kila moja miligramu 75. Punje za kipimo hicho kwa wanaume zimeidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, tangu 1972. Kabla ya kumwekea walimpima damu asubuhi mara mbili kwa siku tofauti, na mara zote mbili alikuwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita, kiwango ambacho madaktari wa njia ya mkojo nchini humo hukichukulia kuwa mpaka wa upungufu. Walimweleza pia kwamba testosteroni ya kutoka nje huzima utengenezaji wa mbegu za kiume, nao wakamuuliza kama bado anataka watoto. Alicheka, maana mjukuu wetu wa kwanza ameshaanza kutembea. Siku ya tano, mwanamume huyo aliyeagizwa kupumzika alihamisha kabati, na asubuhi yake punje moja ilikuwa imetokeza kwenye kidonda na kuanguka kwenye shuka. Nyingine zilikaa. Kufikia wiki ya tano alikuwa ameacha kusinzia baada ya kazi, na mengine yaliyorudi yanatuhusu sisi wawili. Kila baada ya miezi michache hupimwa wingi wa chembe nyekundu, kwa sababu homoni hii huizidisha damu uzito, na kiwango kikifika asilimia 54 dawa husimamishwa. Yeye amefika 51. Jambo moja tu halikunipendeza: kijitabu chao kinasifu usalama wa punje kwa moyo kwa kutegemea utafiti mkubwa uliotangazwa 2023, ilhali utafiti huo, uliohusisha wanaume zaidi ya 5,000, ulitumia jeli ya kupaka wala si punje.

Upande wangu habari ni nyingine. Niliwekewa punje ya estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, pamoja na ya testosteroni, na joto la ghafla lilitoweka ndani ya wiki mbili, nikalala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu; nisipolisema hilo nitakuwa mwongo. Lakini wiki ya sita vipimo vilionyesha testosteroni yangu imepita mara tatu ya kikomo cha juu cha wanawake kilichochapishwa kwenye karatasi ileile ya maabara, na nilipopiga simu nikaambiwa kwamba hicho ndicho kiwango kizuri wanachokitafuta. Vinyweleo viwili vitatu vilinitoka kidevuni. Hilo ningelivumilia. Ninaimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya Kiswahili, na Jumapili moja ya mwezi Machi nilipanda kwenye noti ninayoipanda kila wiki, sauti ikakatika ikatoka kama ya kijana anayebalehe. Dada aliyesimama kando yangu aligeuka kunitazama, akadhani nina mafua. Nilirudi kliniki, nikajibiwa kwa upole kwamba hakuna la kufanya ila kusubiri, na nikasubiri hadi Juni.

Baadaye daktari bingwa wa homoni alinieleza ambayo nilipaswa kuyasikia kabla ya kulipa. Punje nilizowekewa hazitoki kiwandani kwa idhini ya FDA. Huchanganywa na duka maalumu la dawa kwa agizo la daktari, na FDA haijaidhinisha dawa yoyote ya testosteroni kwa wanawake. Tamko la pamoja la vyama vya kimataifa vya wataalamu la 2019 linakubali testosteroni kwa mwanamke aliyekoma hedhi kwa sababu moja tu, nayo ni kukosa hamu ya tendo la ndoa kunakomsumbua, na linaonya dhidi ya punje kwa kuwa hupandisha kiwango kupita maumbile. Mimi sikuwahi kulalamikia hamu; nililalamikia joto na usingizi, ambavyo tiba yake ni estrojeni.

Kuhusu gharama, bima ya mume wangu ililipa sehemu kubwa kwa sababu punje zake zimeidhinishwa na majibu ya vipimo viwili yalikuwepo. Yangu nilitoa dola 425 mfukoni, na kama ningeendelea ningezitoa kila baada ya miezi mitatu au minne. Sasa natumia kibandiko cha estradioli ninachobadilisha mara mbili kwa wiki, pamoja na vidonge vilevile vya projesteroni. Hakina urahisi wa kusahau, na wakati wa joto la Agosti kingo zake huachia kwa jasho. Lakini kilipoanza kunipa maumivu ya matiti nilikibandua, daktari akanipa cha kipimo kidogo, na ndani ya wiki moja mambo yakatulia.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Baba Neema kuwekewa kwa mara ya tatu. Dada wa mapokezi aliniuliza kama nami nimekuja kwa ajili ya punje zangu. Nilimwambia hapana, kwa sauti ya pili, ambako kiongozi wa kwaya amenihamishia.