Miezi miwili na kijitabu cha kuanzia Kimiskito

Ukurasa wa kwanza kabisa kuna jina la lugha: Miskitu bila. Nikajiuliza, bila nini? Kumbe bila kwao ni kinywa, na ndilo neno la lugha.

Kilichonipeleka huko ni kanisa. Mimi ni Mmoravian wa Mbeya. Wamishonari wetu walifika Rungwe mwaka 1891, lakini kwa Wamiskito, pwani ya Karibi ya Nikaragua, walishatia nanga mwaka 1849. Ndugu zetu wa siku nyingi, nami sijui hata kuwasalimia! Nikanunua kijitabu pamoja na rekodi zake. Maelezo yote ni ya Kiingereza.

Rekodi ndizo zilizorudisha pesa yangu. Irabu ni tatu tu, a, i na u, kwa hiyo ulimi wa Mswahili hauhangaiki. Naksa ni salamu. Nahki sma, u hali gani. Siku moja nasikiliza jikoni, tingki pali ikapita, mama akageuka: "Huyo si anasema thenkyu?" Ndiyo hasa, mama. Waingereza walizoeana na Wamiskito tangu karne ya 17, wakawaachia tingki na pain, yaani -zuri, kama Wajerumani walivyotuachia sisi shule.

Namba zilinichekesha. Kum, wal, yumhpa, halafu nne ni walwal, mbili-mbili! Sita ni matlalkahbi, na saba ni matlalkahbi pura kum: sita, na moja juu yake. Nilijaribu kuhesabia mayai gengeni. Nilipofika la saba, muuzaji alishanifungia kumi na mawili.

Kwenye sarufi ndipo tulipokosana. Nafsi wanaiweka mkiani: yang pain sna, mimi mzima, man pain sma, wewe mzima, witin pain sa. Kijitabu kinamaliza kurasa tano kumtuliza Mwingereza juu ya hilo, wakati sisi ni-, u-, a- tumekua nazo, ila zetu ziko mbele. Penye ugumu wa kweli kimenyamaza. Wamiskito wana "sisi" mbili: yawan, wewe ninayesema nawe umo, yang nani, wewe humo. Kijitabu kimezitafsiri zote kwa neno moja, basi. Niligundua kwenye mazungumzo ya somo la nne, mwenyeji alipomwambia mgeni yawan, kisha akieleza ya nyumbani kwake akahamia yang nani. Nilirudisha nyuma mara nne nikidhani sikusikia vizuri. (Mwalimu wetu wa kwaya angekuwa nazo hizo mbili! Akisema "Jumapili tunaimba", sisi tuliokosa mazoezi tungejua kama tumo.)

Irabu ndefu nazo hazina alama yoyote. Sikio lako ndilo litakalokuambia.

Nyota tatu. Bila rekodi ningetoa moja.