Tairi la nyuma la Yamaha TY175: nilianza na laini, nikaishia na la tyubu

Pikipiki yangu ya TY175 ni ya miaka ya 1970 na bado naishindanisha kwenye trayo, yaani mashindano ya kupita juu ya mawe na mizizi bila kuweka mguu chini. Tairi la nyuma halikuwa kipara, meno yalikuwepo, ila raba ilikauka hata ukucha haukuingia. Nikasoma tarakimu ubavuni, zile za mwishoni mwa mstari wa alama unaoanza na herufi DOT. Zikiwa nne, mbili ni za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000. Langu zilikuwa tatu. Niliona haya kidogo.

Saizi haina mjadala: mbele 2.75-21, nyuma 4.00-18. Mjadala ni tyubu. Matairi mengi ya trayo ya siku hizi ya nyuma hayana tyubu, nami nikanunua moja, laini ajabu. Rimu ya zamani imetobolewa kwa ajili ya spoki, haitunzi upepo, basi nikatia tyubu ndani. Hapo ndipo jasho lilipoanza. Ukingo wa tairi lile unabana mno, na rimu hizi hazikuchongwa kuupokea. Maji ya sabuni, vyuma vitatu vya kupachikia tairi, tyubu mbili nilizozitoboa mwenyewe kwa vyuma hivyo hivyo, na bado upande mmoja uligoma kukaa. Gurudumu likawa linazunguka huku linayumba. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba "linaingia tu".

Nikalivua, nikachukua Pirelli MT43, ambalo ni la tyubu. Lilikaa kwenye rimu mara ya kwanza nilipojaza upepo. Mbavu zake ni ngumu kuliko za lile la awali: kwa upepo wa psi 6 lilikuwa linadunda juu ya mawe, na kila kudunda ni mguu chini, pointi ya adhabu imeingia. Niliposhuka hadi 4 likaanza kulala juu ya jiwe na kuling'ang'ania. Kwa upepo mdogo hivyo usisahau bolti inayobana tairi kwenye rimu, la sivyo tairi litajizungusha na kung'oa valvu. Ukiona valvu imeinama, simama hapo hapo.

Kwenye mizizi iliyolowa bado nalitamani lile laini. Lakini pikipiki yenyewe ni nzito na breki zake ni za ngoma. Sidhani kama ni tairi linaloniangusha.