Magic Mary mbele, Nobby Nic nyuma: uzoefu wangu na tairi za matope Nairobi

Nimemaliza msimu wa mvua nikiwa na tairi mbili za kampuni ya Schwalbe: Magic Mary mbele na Nobby Nic nyuma. Kwa njia za udongo mwekundu za msitu wa Karura, Tigoni na kuelekea Limuru, sijafunga tairi la mbele lililonipa imani kama hili. Baiskeli yangu ni ya milimani, magurudumu ya inchi 27.5, ina springi mbele tu. Mimi mwenyewe nina kilo 75 hivi. Nayataja hayo mapema kwa sababu sifa za tairi bila uzito wa mwendeshaji wala aina ya udongo alioukanyaga hazimsaidii mnunuzi.

Kwetu udongo ndio unaoamua karibu kila kitu. Ukitafuta ushauri wa tairi za msimu wa maji mtandaoni, mwingi umeandikwa na watu wa Ulaya wanaojiandaa kwa miezi ya Oktoba hadi Februari: majani yaliyooza njiani, mizizi yenye umande wa barafu, mpira unaokakamaa kwa baridi. Sisi mvua ndefu hutukuta Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna Julai ya ukungu na manyunyu, jua halionekani na njia za chini ya miti hazikauki. Baridi hiyo ya Julai inatutetemesha sisi, mpira wa tairi hauna habari nayo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tairi gani ni zuri kwa mvua, uliza kwanza unaendesha upande gani wa jiji.

Upande wa kaskazini na magharibi, yaani Karura, Kiambu, mashamba ya chai ya Tigoni, udongo ni mwekundu. Umetokana na mawe ya volkano na uko kwenye miteremko, hivyo maji hupita. Mvua ikinyesha usiku ikakatika alfajiri, mara nyingi jioni unaweza kuendesha. Upande wa kusini na mashariki, kuanzia tambarare za Embakasi hadi Athi River na Kitengela, ni ule udongo mweusi ambao wajenzi huuchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi wa nyumba. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu. Aina hizi mbili za udongo hazitaki tairi moja, na ule wa pili, nitakavyoeleza, hautaki tairi lolote.

Turudi kwenye udongo mwekundu, maana huko ndiko Magic Mary inakoonyesha thamani yake. Watu wengi hudhani siku mbaya ni baada ya mvua kubwa. Mimi naogopa zaidi manyunyu mafupi baada ya siku kadhaa za jua. Ardhi chini inabaki ngumu, juu panatanda utando mwembamba wa tope laini, na tairi lenye meno mafupi linaelea juu ya utando huo bila kugusa kitu kigumu. Unakata kona, gurudumu la mbele linaondoka, na ukishtuka tayari umelala ubavu. Meno ya Magic Mary ni marefu na yameachana vya kutosha. Yanapenya ule utando hadi kwenye ardhi ngumu, kisha tope linachomoka gurudumu likizunguka badala ya kujikusanya katikati ya meno. Yale ya pembeni ni makubwa na mapana, na ukiinamisha baiskeli kwenye kona unahisi kabisa yanavyokamata. Kwenye miteremko ya Karura yenye majani ya mikaratusi yaliyolowa, ambako zamani nilikuwa nashuka kwa breki mwanzo hadi mwisho, sasa naachia.

Mbona mbele, na siyo nyuma? Gurudumu la nyuma likiteleza, unayumba, unasahihisha, unaendelea. La mbele likiteleza hakuna muda wa kusahihisha. Tena ukibana breki kwenye mteremko uzito wote unakuja mbele, na tairi hilo ndilo linalofanya kazi ya kukusimamisha na kukuelekeza kwa wakati mmoja. Mwenye pesa ya tairi moja tu anunue la mbele, lenye meno makali na mpira laini, na nyuma abakize lile alilo nalo, mradi si kipara.

Kuhusu mpira: Schwalbe huweka mstari mwembamba wa rangi juu ya tairi zake za Addix, yaani jina la mchanganyiko wake wa mpira, ili ujue ulaini wake. Mwekundu ni mpira wa mwendo wa kasi, wa buluu ni wa kati, wa machungwa ni laini, wa zambarau ni laini kupita zote. Mimi nina wa machungwa mbele na wa buluu nyuma. Kwenye mizizi iliyolowa na vidaraja vya mbao meno marefu hayasaidii kitu, kwa sababu hayana pa kupenya; hapo unategemea ulaini wa mpira, upepo mdogo, na wewe mwenyewe kuvuka mzizi ukiwa umenyooka na umeachia breki. Mpira laini huisha haraka, hasa ukiupeleka sana kwenye lami, na ndiyo sababu nyingine ya kuuweka mbele ambako hauli mzigo wa kukanyaga pedali.

Jambo la upepo nalo watu hulidharau. Naendesha bila tyubu, ndani nimetia ile dawa ya majimaji inayoziba matundu, na upepo, kwa kipimo cha pampu cha PSI, ni 22 mbele, 25 nyuma. Fundi wangu wa Kangemi kila akibonyeza tairi hushtuka.

"Mkubwa, hapa upepo hakuna. Wacha nikuongezee."

"Hapana fundi, liache hivyo hivyo. Naenda msituni."

"Sawa basi, lakini ukirudi kwa lami utasukuma kama mkokoteni."

Na kweli lami inakuwa nzito. Lakini tairi lililojazwa hadi likawa gumu kama jiwe hudunda juu ya mizizi, na meno yote uliyolipia yanagusa ardhi kidogo tu. Mwenye tyubu asishuke hadi nilipo mimi. Apande kidogo, 28 au 30, la sivyo tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Ile dawa nayo hukauka ndani. Iangalie kila baada ya miezi michache na uongeze. Kule Ngong na njia zinazoteremkia Magadi, kwenye miiba ya migunga, imeniokoa mara nyingi: nachomoa mwiba, nazungusha gurudumu, tundu linajiziba nikiwa hata sijashuka vizuri.

Nobby Nic nyuma sina mengi ya kusema. Meno yake ni mafupi kiasi, inazunguka kwa wepesi, na kwenye kilima chenye tope inateleza kidogo ukisimama juu ya pedali. Kaa kwenye kiti, kanyaga taratibu, itapanda. Hiyo ni tabia ya kila tairi la aina yake, na ni bei ninayokubali kulipa ili nisivute uzito Barabara ya Limuru nzima nikienda msituni.

Sasa ule udongo mweusi. Nimejaribu tairi hizi kule nje ya Kitengela siku iliyofuata mvua, na meno marefu yaliuchota udongo vizuri kuliko jembe. Ukishika hauachi. Unajaa kwenye tairi, unapanda hadi kwenye fremu, unabana karibu na pedali, na gurudumu linakataa kuzunguka. Tairi jembamba, la upana wa inchi 2.1 hivi, huacha nafasi zaidi kati yake na fremu, kwa hiyo litakupeleka mbele kidogo kabla ya kukwama. Zaidi ya hapo hakuna dawa. Ninaoendesha nao upande huo husubiri siku kadhaa za jua kavu, na mimi nimejiunga nao.

Kwa wanunuzi: soma namba zilizo ubavuni mwa tairi, usiamini neno la mdomo. Tairi la inchi 26 huandikwa 559, yaani milimita za kipenyo cha rimu linapokaa, la inchi 27.5 huandikwa 584, la inchi 29 huandikwa 622. Baiskeli nyingi za mtumba hapa ni za 26, na Magic Mary imetengenezwa hata kwa saizi hiyo, ingawa dukani utaitafuta sana. Pima pia nafasi iliyo kwenye fremu na kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele. Tairi la 2.35 linaloingia likiwa safi linaweza kusugua likiwa na tope. Na ukunje mpira kwa vidole kabla ya kulipa. Duka moja la mjini liliniuzia tairi jipya lililokaa kwenye rafu hadi likapasuka vijinyufa, na sikurudishiwa hata shilingi. La kwangu la sasa lililetwa na binamu aliyekuja kutoka Ujerumani, kwa bei ambayo ukiongeza nyingine kama hiyo unapata baiskeli nzima ya mtumba. Ni pesa nyingi, nami ningelipa tena kesho.

Ukilifunga, fuata mshale wa mwelekeo ulio ubavuni. Na siku mvua imenyesha usiku kucha, subiri angalau hadi alasiri hata kama tairi lako linaweza: michirizi mirefu tunayoacha kwenye njia laini hugeuka mifereji mvua inayofuata, na wenye kuitembea njia hiyo kwa miguu ndio wanaoumia.

Januari vumbi likirudi nitabadilisha la nyuma tu, niweke lenye meno mafupi zaidi. Magic Mary inabaki mbele, kwa sababu ile changarawe nyembamba ya Ngong wakati wa kiangazi huteleza karibu sawa na tope.