Shokomzoba za Mazda MX-5: KYB Excel-G au Bilstein B6?

Kwa MX-5 ya kizazi cha pili inayodunda kila tuta, Excel-G inakaribia sana tabia ya zile za kiwandani. Ina mirija miwili na gesi ya shinikizo dogo. Vishimo inavimeza kimyakimya.

B6 ni mrija mmoja, gesi ya shinikizo kubwa. Mafuta yanagusa ukuta wa nje, hivyo joto hutoka haraka na hailegei ukiikimbiza milimani. Lakini mjini, kwenye mwendo wa pole, kila kiraka cha lami utakisikia kiunoni.

Kwa starehe, nachukua Excel-G. Chenji itakayobaki inunue raba mpya za kuzuia kugonga: gari hili liko chini, raba zikiliwa utalaumu shokomzoba bure. Kama umefunga springi fupi, ulizia B8, ya Bilstein pia, iliyotengenezwa kwa springi kama hizo.