Laptopu za mtumba: ipi ununue, ipi uipite

Ukiingia Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ukasema unatafuta laptopu, utaulizwa kwanza umejipanga na shilingi ngapi, kisha utaonyeshwa inayong'aa kuliko zote kwenye kabati. Mimi nazipanga kwa swali jingine: siku betri itakapochoka au kibodi itakapopoteza herufi mbili, fundi wa mtaani ataweza kuifungua, kupachika kipya na kukurudishia jioni hiyo hiyo? Mashine nyingi zinazouzwa kwetu ni mitumba ya maofisi ya ng'ambo. Zimeshafanya kazi miaka kadhaa kabla hujazigusa. Kuharibika zitaharibika, kwa hiyo nunua inayotengenezeka.

Anza na prosesa, siyo jina

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, ambayo ndiyo ya kulenga sasa, kwa utaratibu rasmi inataka prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache mno. Zipo njia za kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, na mafundi wanazijua, lakini usilipe pesa yako kwa kitu kinachoanza maisha kwa kulazimishwa.

Stika ya Core i7 ndiyo inayowapumbaza wanunuzi wengi. Core i7-6600U ya kizazi cha sita ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanya kazi kwa wakati mmoja. Core i5-8250U ya kizazi cha nane ina vinne, na ukifungua jedwali la Excel huku kivinjari kina kurasa kumi utaiona tofauti bila kuambiwa. Kwa hiyo i5 ya juzi inaishinda i7 ya zamani, hata winga (dalali wa dukani) akuapie kwa mama yake. Soma namba inayofuata baada ya kistari: ikianza na 8 kwenye mashine za umri huu, uko salama. Na usiisome kwenye stika. Stika hubandikwa. Fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya "About", usome mwenyewe.

Tahadhari moja zaidi hapa. Mashine ninazozitaja hapo chini, kama T480 na EliteBook 840 G5, zilitoka pia na prosesa za kizazi cha saba. Jina la nje ni lile lile, ndani ni kitu kingine.

Ya kwanza: Lenovo ThinkPad T480

Haina sura. Ni jeusi, nene kidogo, lina kile kidude chekundu katikati ya kibodi ambacho wengi hawajui ni cha nini. Lakini kwa mtu anayeishi mahali umeme unapokatika bila taarifa, sijaona inayoizidi kwa bei yake.

Sababu kubwa ni betri mbili. Moja iko ndani, ya 24Wh (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Nyingine iko nyuma, inachomoka kwa kusukuma vifungo viwili, na ilitoka kwa ukubwa wa aina tatu: 24Wh, 48Wh na 72Wh. Ya ndani inaishikilia mashine ikiwa imewaka wakati unabadilisha ya nje, kwa hiyo ukiwa na betri ya nje ya akiba begini, unaendelea kuandika ripoti wakati jirani anatafuta mshumaa. Ile ya 72Wh inatuna chini na kuiinua laptopu upande wa nyuma. Wengine hawaipendi, mimi naona inaipa mashine hewa.

RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ina nafasi mbili, zote za kuchomoa na kuchomeka. Ukinunua yenye 8GB leo, mwakani unaongeza kadi nyingine ya 8GB bila kuuza kitu. Diski inabadilishika, kibodi inabadilishika, feni pia. Vipuri vyake vimejaa kwa sababu maofisi yalizinunua kwa wingi mno.

Ina kasoro mbili ninazozikagua kila mara. Kwanza kioo: matoleo ya bei ya chini yalikuja na kioo cha pikseli 1366 kwa 768, kimefifia, na ukikiangalia kwa pembeni rangi zinageuka. Ng'ang'ania Full HD (1920 kwa 1080). Pili, tundu la USB-C, ambalo ndilo la chaja. Programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia inayoendesha tundu hilo) iliyotoka nayo mwanzo ilikuwa na hitilafu inayoweza kuliua tundu hilo taratibu, na Lenovo ikatoa sasisho la kuirekebisha. Dukani, chomeka chaja, hakikisha inachaji kweli, chomoa, rudia. Ukifika nyumbani, weka sasisho hilo kabla ya filamu wala muziki.

Usichanganye na T480s au X280. Ni nyembamba na zinavutia, lakini T480s ina sehemu ya RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na X280 imechomelewa yote. Hapo ulichonunua ndicho utakachokufa nacho.

Ya pili: Dell Latitude 7490

Kama T480 ungeiona mzigo, hii ndiyo ya kuchukua. Nyepesi, RAM ina nafasi mbili, mfuniko wa chini unafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Betri ni moja, ya ndani, na kuna toleo la 60Wh ambalo ndilo la kutafuta.

Inapoteza nafasi ya kwanza kwa sababu ya betri hiyo moja na kwa ajili ya chaja. Dell huiuliza chaja utambulisho wake kupitia waya mwembamba wa katikati ya pini. Chaja bandia ikishindwa kujitambulisha, au pini ikipinda, laptopu itawaka lakini haitachaji betri, na itajipunguza kasi hadi udhani ina virusi. Watu wamefuta Windows mara tatu kwa ugonjwa ambao ulikuwa kwenye waya wa chaja. Uzuri ni kwamba 7490 inachaji pia kwa USB-C, kwa hiyo una mlango wa pili.

Ya tatu: HP EliteBook 840 G5

Hii ndiyo nzuri zaidi kwa macho kati ya tatu hizi za Windows: umbo la alumini, spika zenye sauti ya maana, kibodi laini. RAM nafasi mbili, inachaji kwa USB-C au kwa pini ya bluu. Kama unafanya mikutano ya mtandaoni kutwa nzima, unaweza kuipandisha nafasi ya kwanza na sitabishana nawe.

Nimeishusha kwa kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi. Baadhi ya G5 zilitengenezwa na kioo cha faragha kinachoitwa Sure View, kilichokusudiwa kumzuia jirani wa kwenye ndege asisome kazi yako. Kina kazi yake kwa mwanasheria. Kwa familia inayotazama tamthilia kwenye sofa, kila aliyekaa pembeni anaona giza. Kabla ya kulipa, simama kando ya meza ukiangalie kioo kwa pembe.

Ukiuziwa 840 G3 kwa maneno kwamba "ni ile ile", siyo. Ni kizazi cha sita.

Ya nne, au ya kwanza kwa baadhi: MacBook Air M1

Hii inavunja kanuni yangu mwenyewe. RAM na diski vimo kwenye bodi moja, havibadilishiki, na kioo kikipasuka bei yake inaweza kukufanya ufikirie kununua laptopu nyingine. Bado naiweka hapa. Ilitoka mwishoni mwa 2020, haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi la barabarani wala manyoya ya blanketi, na betri yake ikiwa nzima inakufikisha jioni bila kutafuta soketi. Mwanahabari au mhariri wa video fupi anayezunguka ataipenda. Mhasibu anayetegemea Tally aachane nayo, programu hiyo ni ya Windows.

Sharti lake ni moja na halina mjadala: muuzaji aifute mbele yako, aiunganishe na intaneti, na iwake hadi mwanzo bila kuomba akaunti ya mtu mwingine na bila kusema inasimamiwa na kampuni fulani. Ikiomba, umeshika sinia la bei ghali.

Za kupita

Laptopu mpya kabisa ya bei ya chini, yenye karatasi ya nailoni bado juu ya kioo, prosesa dhaifu ya Celeron N4020, RAM 4GB na hifadhi ya polepole ya eMMC ya 64GB. Inauzwa sana kwa wazazi wa wanafunzi wa chuo, na inaniudhi kuliko zote. Viini viwili, RAM na hifadhi vimechomelewa. Windows yenyewe na masasisho yake vinakula nafasi hadi mwanafunzi anakosa pa kuweka tasnifu. Faida yake ni warantii, na warantii haiongezi kasi. Pesa hiyo hiyo iweke kwenye mtumba wa kizazi cha nane.

MacBook Air ya 2017 ina kibodi nzuri na jina kubwa, lakini Apple iliishia kuipa macOS Monterey. Chromebook (laptopu za mfumo wa Google) za shule za Marekani nazo zina tarehe ya mwisho ya masasisho, na nyingi zinafika kwetu tarehe hiyo ikiwa imepita au imekaribia. Zipite zote mbili.

Dukani, usione haya

Nenda na simu yenye bando, flashi, na muda. Muuzaji mwenye haraka ni dalili.

Jambo la kwanza, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kwa kubonyeza kitufe unapoiwasha: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nywila, rudisha mezani. Nywila za mashine hizi za ofisi hazifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi kama zamani, na fundi atakayekwambia ni kazi ya dakika mbili anakuuzia matumaini. Pia omba Windows iwekwe upya huku intaneti ikiwa imeunganishwa. Ikitokea nembo ya kampuni ya kigeni ikitaka barua pepe ya mfanyakazi, laptopu hiyo bado imesajiliwa kwa mwajiri wa mtu.

Betri usiikadirie kwa ile asilimia ya pembeni. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`, ufungue faili itakayotengenezwa. Linganisha uwezo uliotoka kiwandani na uwezo inaobeba sasa. Iliyokuwa 60Wh ikibeba 30Wh, hiyo ni nusu, na bei ishuke kwa thamani ya betri mpya. Nusu hizo hutokea sana, wala si sababu ya kukimbia.

Mengine ni ya haraka: bonyeza kila herufi kwenye Notepad, weka picha nyeupe kioo kizima utafute madoa, kisha nyeusi. Jaribu kamera na kila tundu la USB. Fungua na kufunga kioo ukisikiliza bawaba. Angalia kibodi ni ya nchi gani, maana za Ujerumani zina Z mahali pa Y, na za Skandinavia zina herufi ambazo hutazitumia maisha. Dai risiti yenye namba ya utambulisho ya mashine (serial number, ile iliyo mgongoni), ya EFD kama uko Tanzania. Siku ukisimamishwa na askari usiku ukiwa na begi, utaijua thamani yake.

Ikishafika nyumbani

Kama inakaa mezani ikiwa kwenye umeme muda mwingi, weka kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80. Lenovo wameiweka kwenye programu ya Vantage, Dell na HP kwenye BIOS. Betri za lithiamu huchoshwa na mambo mawili, joto na kujaa pomoni kwa muda mrefu, na pwani joto tunalo la bure. Ukiona tachipadi imeinuka au mfuniko wa chini umevimba, betri imejaa gesi. Acha kuitumia, usiitoboe, mpelekee fundi siku hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Kinachoua chaja mara nyingi ni ule mshtuko unaporudi. Subiri taa zitulie ndipo uchomeke.

Usiiweke juu ya godoro. Matundu ya hewa yako chini. Mara moja kwa mwaka, na mara mbili kama unaishi kando ya barabara ya vumbi, ifunguliwe feni isafishwe kwa brashi, na feni ishikwe isizunguke wakati inapulizwa. Kwenye mashine ya 2018 ambayo haijawahi kufunguliwa, badilisha na ile dawa ya joto juu ya prosesa, imeshakauka. Wa Tanga, Mombasa na Unguja wasiiache dirishani usiku, hewa ya chumvi inakula matundu ya chuma kimyakimya.

Chai ikimwagika: chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha hadi izime, igeuze kibodi itazame chini. Kwenye T480 kuchomoa betri ya nje hakutoshi, ile ya ndani bado inapeleka umeme kwenye bodi, hivyo fungua mfuniko na uichomoe nayo. Mchele uache jikoni, hauvuti maziwa wala sukari, na hivyo ndivyo vinavyobaki kwenye bodi na kuila. Fundi aisafishe kwa spiriti ya isopropili kabla mtu yeyote hajajaribu kuiwasha "kuona kama imepona".