Cheti cha kusaini programu: tokeni ya USB au wingu?

Tangu 1 Juni 2023, ufunguo wa siri wa cheti cha kusaini programu (kinachothibitisha programu imetoka kwa nani) lazima ukae ndani ya kifaa maalumu cha usalama, si kwenye faili la kompyuta. Ukiagiza tokeni ya USB, yaani kifaa kidogo kinachobeba ufunguo huo, unasubiri iletwe, na kila ukisaini unaichomeka na kuandika nywila. Ukikosea mara kadhaa inajifunga. Kwa msanidi wa peke yake, inatosha kabisa.

Timu ambayo seva yake hujenga programu hata usiku ichukue wingu, yaani ufunguo ukae kwenye kifaa cha mtoa huduma mtandaoni, ingawa huduma hulipiwa. Hakuna mzigo wa kusubiri, na kuhuisha cheti ni kwepesi. Kwa kuwa vyeti sasa haviruhusiwi kuzidi siku 460, hilo ni jambo kubwa.

Popote unaposaini, weka muhuri wa muda, yaani uthibitisho wa lini ulisaini. Usipouweka, cheti kikiisha Windows haitaiamini tena saini yako.