Sindano mpya kwenye Thorens ya marehemu baba

Mashine ya santuri ya marehemu baba, Thorens TD 160, ilikaa kabatini miaka mingi hapa kwetu Mombasa, mkanda umelegea na sindano imevunjika. Mwezi huu nimeifufua.

Mkanda wa kwanza niliouagiza ulikuwa mrefu mno, na muuzaji hakujibu ujumbe hata mmoja. Wa pili umekaa barabara. Nilichomoa sahani ya ndani, nikapangusa uchafu mweusi kwenye ekseli, nikatia mafuta mapya. Kisha nikabandika kikaratasi ukingoni mwa sahani na kuhesabu: mizunguko 100 kwa dakika 3, yaani 33⅓ kamili kwa dakika.

Lakini kilichobadilisha mambo hasa ni kichwa kipya cha sindano, Audio-Technica AT-VM95E. Nakipenda. Matundu yake yana hesi, kwa hiyo skrubu huingia moja kwa moja, huhangaiki na vile vinati vinavyopotelea kwenye zulia. Uzito wa sindano juu ya santuri niliuweka gramu 2, kwa mizani ndogo. Sindano ikichakaa, unachomoa ile ya kijani tu na kuchomeka nyingine.

Nikaweka santuri ya taarab ya lebo ya Mzuri, ya mizunguko 45. Fidla na udi vilisikika kila kimoja mahali pake, hata pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti. Mama alitoka jikoni, mwiko mkononi, akasimama mlangoni kimya mpaka upande ukaisha.

“Geuza, mwanangu.”